Hedifoni za Bluetooth Zimegoma Baada ya Kusasisha Linux: Tafuta Kwanza Palipokatika

Umesasisha mfumo usiku, umewasha laptopu asubuhi, na hedifoni zilizokuwa zinaimba jana leo haziunganishwi. Au zinaunganishwa, ila kimya. Au zinatoa sauti bapa yenye mkwaruzo. Ukitafuta tiba utakutana na amri moja iliyonakiliwa kila mahali: sakinisha `pulseaudio` na `pulseaudio-module-bluetooth`. Ilikuwa amri nzuri enzi zake. Kwenye mifumo mingi ya leo ndiyo inayogeuza tatizo moja kuwa mawili, kwa sababu inaleta seva ya pili ya sauti kugombana na ile iliyopo.

Kwa hiyo usibandike chochote kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) kabla hujajua nani kaharibika. Sauti ya Bluetooth kwenye Linux hupita mikono minne. Wa kwanza ni kerneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na fimwea, programu ndogo inayoendesha kadi ya Bluetooth yenyewe. Wa pili ni BlueZ, programu inayooanisha vifaa na kuviunganisha. Wa tatu ni seva ya sauti, ambayo siku hizi ni PipeWire ikisaidiwa na msimamizi wake, WirePlumber. Wa nne ni profaili: kifaa kimewekwa kwenye hali ya muziki au ya simu. Kwa kawaida sasisho moja huvuruga mkono mmoja tu, na ukiujua, tiba huwa mstari mmoja au miwili.

Amri nitakazotoa ni za Ubuntu, Debian na Linux Mint. Pale Fedora au Arch zinapotofautiana nitasema.

## Kabla ya terminali

Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, subiri kama nusu dakika, kisha iwashe. Kuwasha upya kwa kawaida hakutoshi: kadi ya Bluetooth huendelea kupata umeme wakati mfumo unajiwasha upya, na kama fimwea yake imekwama, itabaki imekwama. Ukiwa na Windows kwenye diski hiyohiyo, zima pia kipengele cha Windows cha kuwasha haraka, maana huiacha kadi katika hali ambayo Linux haiwezi kuipokea vizuri.

Kisha zima Bluetooth ya simu yako. Hedifoni nyingi hukimbilia kifaa cha mwisho kilichozitumia, na simu iliyo mfukoni inaweza kuzinyakua kabla laptopu haijasema lolote. Kuna watu wamesakinisha mfumo upya kwa ajili ya hili.

Bado? Haya, tuingie kazini.

## Hatua ya 1: Angalia ni nini hasa kilisasishwa

Mfumo wako una daftari la kila ulichosasisha. Lisome:

```
grep -E " (install|upgrade|remove) " /var/log/dpkg.log | grep -Ei "linux-image|firmware|bluez|pipewire|wireplumber|libspa|pulse"
```

Nimeweka `install` pamoja na `upgrade` kwa makusudi. Kerneli mpya kwenye Ubuntu na Debian huja kama pakeji yenye jina jipya, kwa hiyo huandikwa kama imesakinishwa, siyo kama imeboreshwa. Ukitafuta `upgrade` peke yake unaweza kuikosa, nayo ndiyo mtuhumiwa mkuu.

Kwenye Fedora tumia `dnf history` kisha `dnf history info` na namba ya tukio la mwisho. Kwenye Arch fungua `/var/log/pacman.log`.

Ukiona `linux-image` au pakeji yenye neno `firmware`, anza na hatua ya 2. Ukiona `bluez`, ruka hadi ya 3. Ukiona `pipewire`, `wireplumber` au `pulseaudio`, jibu lako pengine liko hatua ya 4. Kama umehama toleo zima, kwa mfano kutoka Mint 21 kwenda Mint 22, kila kitu kimebadilika kwa pamoja. Pita zote kwa mpangilio.

## Hatua ya 2: Je, kompyuta inaiona kadi ya Bluetooth?

```
bluetoothctl show
```

Ukipata maelezo marefu yenye mstari wa `Powered: yes`, kadi ni nzima, nenda hatua ya 3. Ukiona `Powered: no`, jaribu `bluetoothctl power on`. Ikikataa, angalia kama imefungwa:

```
rfkill list
```

`Soft blocked: yes` maana yake imezimwa na programu, na `sudo rfkill unblock bluetooth` huifungua. `Hard blocked: yes` ni swichi au kitufe cha laptopu yenyewe, hakuna amri itakayokifungua.

Jibu baya ni `No default controller available`. Hapo kerneli haijaleta kifaa chochote, na inabidi umsikilize kerneli mwenyewe:

```
sudo dmesg | grep -iE "bluetooth|firmware"
```

Ujumbe wa kutafuta ni wa aina mbili. Wa kwanza unataja faili la fimwea na kumalizia na `failed with error -2`. Namba -2 maana yake faili halipo: kerneli mpya inaomba fimwea ambayo haimo kwenye `/lib/firmware`. Tiba ni kusasisha pakeji ya fimwea, ambayo kwenye Ubuntu na Mint ni `linux-firmware`. Kwenye Debian kuna mtego hapa. Kuanzia Debian 12, fimwea zilihamishiwa kwenye hazina yake mpya iitwayo `non-free-firmware`. Kama ulipanda kutoka Debian 11 na faili lako la `/etc/apt/sources.list` bado lina `non-free` peke yake, fimwea zako zimebaki za zamani bila onyo lolote la maana. Ongeza neno hilo, fanya `sudo apt update`, kisha sasisha. Ila angalia bando kwanza: `linux-firmware` ya Ubuntu ni mamia ya MB, kwa hiyo usiisakinishe upya kwa kubahatisha wakati `dmesg` haijalalamikia fimwea.

Wa pili una maneno `tx timeout` au namba `-110`. Hapo fimwea ipo, lakini kadi haijibu. Kama umeshazima kabisa kama nilivyosema juu na bado inatokea, shuku kerneli.

Laptopu nyingi za mtumba zinazouzwa kwetu zina kadi za Intel. ThinkPad T480, kwa mfano, huja na Intel 8265, na ukiandika `lsusb` utaiona kama `8087:0a2b`. Namba 8087 ni ya Intel. Kama `lsusb` yenyewe haionyeshi kabisa mstari wa kadi yako ya Bluetooth, tatizo liko chini ya Linux: ama kadi imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta inayotangulia mfumo), ama imelegea, ama imekwama kiasi cha kuhitaji kuzimwa umeme wote, pamoja na betri ikiwezekana.

Sasa jaribio linalomaliza ubishi: washa laptopu kwa kerneli ya zamani. Kompyuta inapoanza, bonyeza Esc (kwenye UEFI) au shikilia Shift (kwenye BIOS ya zamani) mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, itokee, ingia kwenye chaguo la `Advanced options`, kisha chagua toleo lililotangulia. Fedora hutunza kerneli tatu kwa kawaida, na huziorodhesha moja kwa moja kwenye menyu. Bluetooth ikirudi, umemjua mkosaji. Endelea kutumia kerneli ya zamani mpaka nyingine mpya itoke, lakini isiwe miezi. Masasisho ya kerneli hubeba pia viraka vya usalama.

Watumiaji wa Arch wana kisa chao peke yao. Mkisasisha kerneli bila kuwasha upya, folda ya moduli za kerneli inayoendelea kufanya kazi huondolewa. Ukichomeka kidude cha Bluetooth cha USB wakati huo, `modprobe btusb` itasema moduli haipo. Hakuna kilichoharibika. Washa upya tu.

## Hatua ya 3: BlueZ na ufunguo wa zamani

Kadi ipo, hedifoni zinaonekana, ila kuunganisha kunashindikana. Angalia kama huduma inafanya kazi:

```
systemctl status bluetooth
journalctl -u bluetooth -b
```

Ikiwa imezimwa, `sudo systemctl enable --now bluetooth` inatosha. Kama inafanya kazi, jaribu kuunganisha kwa mkono na usome kosa linalorudi. Badilisha anwani hii iwe ya hedifoni zako, ambayo utaipata kwa `bluetoothctl devices`:

```
bluetoothctl connect AA:BB:CC:DD:EE:FF
```

Kosa lenye `page-timeout` linasema hedifoni hazikuitika: zimezimwa, ziko mbali, au zimeshikwa na kifaa kingine. Kosa linalotaja uthibitisho au ufunguo, `Authentication` au `key-missing`, linasema pande mbili hazikubaliani tena juu ya siri waliyopeana siku ya kuoanishwa. Kosa lenye `profile-unavailable` halihusu BlueZ kabisa. Hilo ni la hatua ya 4, na ni vizuri ulijue mapema usije ukaoanisha na kuoanisha tena mpaka usiku.

Kwa tatizo la ufunguo, futa pande zote mbili. Hapo ndipo wengi hukwama: wanafuta kwenye laptopu, hedifoni zinabaki na kumbukumbu ya zamani. Tafuta namna ya kuzirudisha hedifoni kwenye hali ya kiwandani, kwa kawaida ni kushikilia kitufe kwa muda mrefu, kisha:

```
bluetoothctl
remove AA:BB:CC:DD:EE:FF
power on
scan on
pair AA:BB:CC:DD:EE:FF
trust AA:BB:CC:DD:EE:FF
connect AA:BB:CC:DD:EE:FF
```

Subiri jina la hedifoni litokee baada ya `scan on` kabla hujaandika `pair`. Wala usiruke `trust`. Bila hiyo zitaunganishwa leo, lakini kesho zikijaribu kujiunga zenyewe zinaweza kukataliwa, nawe utadhani tatizo limerudi.

Kama unatumia Linux na Windows kwenye laptopu moja, fahamu kwamba mifumo yote miwili hutumia kadi moja yenye anwani moja, lakini kila mmoja hupeana ufunguo wake na hedifoni. Ukioanisha upya kwenye Windows, ufunguo wa Linux unakufa. Hilo halina uhusiano na sasisho hata kama yametokea wiki moja.

Jambo moja zaidi kuhusu BlueZ. Wakati wa kusasisha, `apt` huweza kukuuliza kama ubaki na faili lako la `/etc/bluetooth/main.conf` au uchukue jipya. Ukichukua jipya, marekebisho yako yamefutika. Ukibaki na la zamani, huenda lina mipangilio isiyoendana tena na toleo jipya. Fedora na Arch haziulizi: faili jipya huwekwa kando likiwa na `.rpmnew` au `.pacnew` mwishoni. Linganisha mawili hayo kwa `diff` kabla ya kulaumu programu.

## Hatua ya 4: Seva ya sauti, palipo na kesi nyingi

Kuna jaribio dogo ambalo linapaswa kujulikana kuliko linavyojulikana:

```
bluetoothctl show | grep -iE "audio|handsfree"
```

BlueZ haichezi sauti. Seva ya sauti ndiyo inayokwenda kwa BlueZ na kujiandikisha: mimi naweza kutuma muziki, mimi naweza kupokea simu. Mambo yakiwa sawa utaona mistari kama `Audio Source`, `Audio Sink` na `Handsfree Audio Gateway`. Usipoona hata mmoja, hakuna seva iliyojiandikisha, na hedifoni zako zitakataa kuunganishwa hata ukizioanisha mara mia. Ndiyo maana logi ya BlueZ katika hali hii huandika `a2dp-sink profile connect failed` ikifuatiwa na `Protocol not available`.

Sasa uliza ni seva ipi inayofanya kazi:

```
pactl info | grep "Server Name"
```

Majibu ni matatu. `PulseAudio (on PipeWire ...)` ni PipeWire ikizungumza lugha ya PulseAudio ili programu za zamani zisihangaike, hali hii ni ya kawaida na nzuri. `pulseaudio` peke yake ni PulseAudio yenyewe. `Connection refused` maana yake hakuna seva kabisa.

Historia kidogo, maana hapa ndipo ushauri wa zamani unapopotosha. Fedora ilihamia PipeWire kwa sauti kwenye toleo la 34, mwaka 2021. Ubuntu ikafuata kwenye 22.10, Debian kwenye toleo la 12 kwa wanaotumia GNOME, na Linux Mint kwenye toleo la 22, mwaka 2024. Ukipanda toleo na kuvuka mpaka huo, unaweza kubaki na vipande vya pande zote mbili. Ushauri ulioandikwa kabla ya hapo unadhani una PulseAudio. Kabla ya kuufuata wowote, linganisha tarehe yake na toleo lako.

Kama uko kwenye mfumo wa PipeWire, hakikisha kiungo cha Bluetooth kipo. Kwenye Ubuntu, Debian na Mint ni pakeji inayojitegemea, na hukosekana mara nyingi kuliko unavyodhani:

```
sudo apt install pipewire-pulse wireplumber libspa-0.2-bluetooth
sudo apt remove pulseaudio-module-bluetooth
systemctl --user disable --now pulseaudio.service pulseaudio.socket
systemctl --user enable --now pipewire.socket pipewire-pulse.socket wireplumber.service
```

Soma vizuri kile `apt` inachotaka kuondoa kabla hujajibu ndiyo. Ikitishia kuondoa mazingira yako yote ya kazi, kataa. Amri ya tatu ikilalamika kwamba huduma haipo, usijali. Maana yake PulseAudio haikuwepo. Na amri zenye `--user` usiziwekee `sudo`. Seva ya sauti ni mali ya mtumiaji aliyeingia, si ya mfumo mzima, na ukiweka `sudo` utakuwa unarekebisha sauti ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, ambaye hasikilizi muziki.

Toka kwenye akaunti, ingia tena, rudia jaribio la `bluetoothctl show`. Mistari ya sauti ikitokea, unganisha hedifoni.

Angalia pia kama una wasimamizi wawili wa PipeWire. Kabla ya WirePlumber kulikuwa na `pipewire-media-session`, na Ubuntu 22.04 ilikuja nayo. Baada ya kupanda, wote wawili wanaweza kuwa hai, kila mmoja akitaka kuongoza. Anayehitajika ni WirePlumber, mwingine mwondoe.

### Mipangilio ya Lua iliyokufa kimyakimya

Hiki ndicho kisa kinachowapata zaidi wale waliojua wanachofanya. Matoleo ya WirePlumber ya 0.4 yalisoma mipangilio iliyoandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Lua, kwenye folda kama `~/.config/wireplumber/bluetooth.lua.d/`. Toleo la 0.5, lililotoka mwaka 2024, liliachana na Lua kwa mipangilio. Faili zako za zamani bado zipo palepale, hazina kosa, ila hakuna anayezisoma. Ubuntu 24.04 ina 0.4.17, 24.10 ina 0.5. Debian 12 ina 0.4, Debian 13 ina 0.5. Kwa hiyo aliyezima hali ya simu kwenye hedifoni zake miaka miwili iliyopita anapanda toleo na ghafla sauti inaharibika kila akifungua mkutano wa video, na hakumbuki kama aliwahi kugusa kitu.

Angalia toleo lako kwa `wireplumber --version`. Likiwa 0.5 au zaidi, mipangilio iandikwe upya hapa:

```
mkdir -p ~/.config/wireplumber/wireplumber.conf.d
nano ~/.config/wireplumber/wireplumber.conf.d/51-bluetooth.conf
```

Ndani yake, kwa anayetaka muziki tu na kamwe asihame kwenda hali ya simu:

```
monitor.bluez.properties = {
  bluez5.roles = [ a2dp_sink a2dp_source ]
}
```

Kisha:

```
systemctl --user restart wireplumber
```

Kumbuka kwamba kwa mpangilio huo maiki ya hedifoni haitafanya kazi kabisa. Utazungumza kwa maiki ya laptopu.

Kama hukuwahi kuandika mipangilio yoyote na bado mambo ni mabaya, huenda kumbukumbu za ndani za WirePlumber zimechanganyikiwa. Usizifute, zisogeze kando:

```
systemctl --user stop wireplumber
mv ~/.local/state/wireplumber ~/.local/state/wireplumber.zamani
systemctl --user start wireplumber
```

Sauti zote zitarudi kwenye viwango vya mwanzo, kwa hiyo punguza kabla hujavaa hedifoni.

Na kwa kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa nyumbani au ofisini: WirePlumber hushughulikia Bluetooth kwa yule aliye mbele ya skrini tu. Ukiingia kwa SSH, yaani kutoka kompyuta nyingine, au mwenzako akiwa amebadilisha mtumiaji bila wewe kutoka, upande wako hautapata hedifoni. Haijaharibika, ndivyo ilivyopangwa.

## Hatua ya 5: Zimeunganishwa, lakini kimya au sauti mbovu

Kimya kwanza. Mara nyingi sauti inakwenda kwenye spika za laptopu au kwenye HDMI. Andika `wpctl status`, tafuta hedifoni kwenye orodha ya `Sinks`, chukua namba yake, tuseme 67:

```
wpctl set-default 67
```

Unayependelea madirisha kuliko terminali, `pavucontrol` hufanya hayo yote kwa kubofya.

Sasa sauti mbovu. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. A2DP ni ya muziki: stereo, ubora mzuri, lakini inakwenda upande mmoja tu. HFP na HSP ni za simu: zinaruhusu maiki, lakini sauti ni mono na imebanwa. Kodeki (njia ya kubana sauti) ya zamani ya simu, CVSD, huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde. mSBC hupandisha hadi 16,000. CD ina 44,100. Hapo huhitaji sikio la fundi mitambo kusikia tofauti.

WirePlumber huhamisha hedifoni kwenda hali ya simu programu yoyote inapoomba maiki. Kivinjari kilicho na kikao cha mkutano kilichosahauliwa kwenye kichupo cha nyuma kinatosha. Funga kwanza programu zote zinazotumia maiki, uone kama sauti inarudi. Isiporudi, rudisha kwa mkono:

```
pactl list cards short
pactl set-card-profile bluez_card.AA_BB_CC_DD_EE_FF a2dp-sink
```

Kwenye PipeWire jina ni `a2dp-sink`, kwa kistari cha kati. Kwenye PulseAudio ni `a2dp_sink`, kwa kistari cha chini. Herufi moja hiyo imewapotezea watu jioni nzima. Usipokuwa na uhakika, `pactl list cards` bila `short` itakuonyesha majina yote ya profaili zilizopo, pamoja na kodeki kama `a2dp-sink-sbc` au `a2dp-sink-aac`.

Kuzuia uhamishaji wa moja kwa moja kwenye WirePlumber 0.5, bila kupoteza maiki pale unapoihitaji:

```
wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false
```

Mimi napendelea hii kuliko ile ya kufuta profaili ya simu kabisa. Siku ya usaili wa kazi kwa video utahitaji maiki.

## Hatua ya 6: Inakatika-katika

Usikimbilie kulaumu sasisho hapa. Bluetooth na Wi-Fi ya 2.4 GHz hugombea masafa yaleyale, na kwenye laptopu nyingi hushirikiana kadi moja na hata antena. Hamia Wi-Fi ya 5 GHz kama ruta yako inayo, au sitisha upakuaji mkubwa kwa dakika chache uone. Diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa karibu na kidude cha Bluetooth nayo huvuruga masafa hayo. Kiunganishi kifupi cha USB kinachokisogeza mbali kidogo hutosha.

Kama hayo hayasaidii na kukatika kulianza na kerneli mpya, zima usingizi wa kadi:

```
echo "options btusb enable_autosuspend=n" | sudo tee /etc/modprobe.d/btusb.conf
```

Washa upya. Betri itaisha mapema kidogo. Isipobadilisha chochote, lifute faili hilo. Mipangilio isiyo na kazi ndiyo inayokuja kukusumbua sasisho lijalo. Jaribu pia kuchagua `a2dp-sink-sbc`: kodeki zenye ubora wa juu zaidi huhitaji mawimbi safi zaidi.

## Hatua ya 7: Kurudisha toleo la nyuma

Ukishajua pakeji iliyoleta shida, unaweza kuirudisha hiyo peke yake. Tazama matoleo yaliyopo:

```
apt policy bluez
sudo apt install bluez=TOLEO
sudo apt-mark hold bluez
```

Weka namba kamili mahali pa TOLEO. Hazina ya Ubuntu kwa kawaida ina mawili tu, lile lililokuja na toleo la mfumo na sasisho la karibuni, kwa hiyo uchaguzi ni mdogo. Kwa PipeWire kurudi nyuma ni kazi ngumu zaidi, maana ina pakeji ndugu nyingi ambazo lazima zilingane toleo. Kusubiri kiraka ni nafuu. Fedora ina `sudo dnf downgrade bluez`, na `dnf history undo` kwa tukio zima. Arch hutunza pakeji za zamani kwenye `/var/cache/pacman/pkg`, kama hujaisafisha, na `sudo pacman -U` huzisakinisha.

Ripoti hitilafu kwa usambazaji wako wa Linux kabla ya kuipeleka kwa wasanidi wa BlueZ au PipeWire, maana huenda kiraka kipo tayari, kinangoja kupakiwa tu. Ambatisha `uname -r`, `bluetoothctl --version`, `wireplumber --version`, jibu la `pactl info`, na logi ya muda ule tatizo lilipotokea. Taja pia toleo la mwisho lililofanya kazi. Hiyo ndiyo taarifa wasanidi wanayoihitaji zaidi na wanayoipata kwa nadra. Anwani ya hedifoni zako imo kwenye logi hizo, kwa hiyo ifiche kabla ya kuzituma.

Kiraka kikitoka, ondoa kizuizi, la sivyo pakeji hiyo haitasasishwa tena:

```
sudo apt-mark unhold bluez
sudo apt update && sudo apt upgrade
```